Pikipiki Inayokunywa Maji

Mwenye bucha alipogombana na dereva wa pikipiki mbele ya duka lake, watu wengine waliona ugomvi. Mkurugenzi aliona riziki.

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Jina hilo alijipa mwenyewe, na mtaa ukalikubali kwa sababu alikuwa na mwendo wa mtu anayesubiriwa ofisini. Alisimama pembeni akichokonoa meno, akamsikia mwenye bucha akilalamika kwamba petroli inammaliza, kwamba faida ya nyama anayopeleka mahotelini inaishia kwenye matangi ya watu, na kwamba angepata chombo kisichotumia petroli angetoa chochote atakachoombwa. Hilo neno "chochote" lilimwingia Mkurugenzi moja kwa moja moyoni. Akaondoka bila kuaga.

Alichokihitaji kilikuwa nyumbani, chini ya gunia. Mkewe alikuwa amesafiri kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua, akamwachia mume kazi moja tu: kila asubuhi awashe pampu, avute maji ya kijito, amwagilie bustani ya nyanya. Tukiweka pembeni heshima za ndoa, aliyekuwa akiilisha nyumba ile ni pampu. Mkurugenzi alikuwa mpangaji asiyelipa. Lakini alijiambia kwamba mke akirudi atakuta pampu mpya, pengine mbili, na nyanya chache zilizonyauka hazina mdomo wa kumshtaki.

Akaifungua injini, akaibeba begani mpaka kwa fundi wa kuchomelea, rafiki yake wa tangu utoto ambaye Mkurugenzi hajawahi kumlipa hata siku moja. Safari hii alimwahidi hisa. Fundi hakujua hisa zinaliwaje, ila kazi ilimpendeza, na fundi akishapendezwa na kazi, amekwisha. Walichukua fremu ya baiskeli ya mizigo, wakaiongezea vyuma vya kitanda kilichovunjika, wakaifunga injini katikati na kuvuta mnyororo mpaka gurudumu la nyuma. Iliwashwa kwa kamba, kama ilivyozaliwa. Breki zilikuwa soli za viatu vya dereva.

Ujanja wenyewe ulikuwa mafichoni. Juu waliweka tangi la kung'aa ambalo halikuunganishwa na kitu chochote. Petroli ilikaa ndani ya fremu, ikashuka kwenye kabureta kwa mpira mwembamba uliopita chini ya kiti. Na ubavuni mwa injini kulikuwa na picha ya kiwandani ya tone la maji, kwa kuwa ni injini ya pampu. Mkurugenzi aliipangusa picha ile kwa upendo.

"Umeona, mzee?" alimwambia mwenye bucha siku ya maonyesho, akimwonyesha lile tone. "Kiwanda chenyewe kimesema. Hii ni injini ya maji. Watu wanaitia petroli kwa kutojua tu."

Mwenye bucha aliinama akaitazama picha, akafumba macho kama anayeomba dua. Kisha akauliza kwa unyenyekevu kama inataka maji ya kuchemsha au hata ya bombani yanafaa. Mkurugenzi akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuumba watu wa namna ile. Akamwachia ajaze tangi kwa mkono wake mwenyewe, kwa jagi la dukani. Kisha akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikashika. Akauzunguka ua wa bucha, akamkosakosa mbuzi aliyefungwa pale, ambaye hata hivyo alikuwa na shida kubwa kuliko hiyo, akasimama kwa kuburuta soli.

"Naichukua," mwenye bucha alisema. "Ila mkononi sina kitu, kijana wangu. Kama hutajali, chukua friza lile."

Friza lilikuwa kubwa, jeupe, limeegemea ukuta. Ndani taa iliwaka na barafu ilijaa. Mkurugenzi akatia mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Aliona pampu kadhaa mle ndani, na nyingine za akiba. Akajifanya kusita, akalalamika kwamba ananyonywa, akakubali kabla mwenzake hajabadili mawazo.

Mwenye bucha alimpa wasia mmoja tu: friza likishabebwa lisiwashwe wala kufunguliwa, lisimame kwanza siku nzima, gesi itulie. Hilo kila mtu analijua. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa kama mtaalamu.

Mkewe alirudi kesho yake. Alipitia bustanini, kisha kwenye gunia, ambalo lilikuwa limelala chini bila kitu, ndipo akaingia ndani na kumkuta mumewe amesimama kando ya friza kama bwana harusi. Mkurugenzi akaanza hotuba ya biashara ya maji baridi. Hotuba ilikuwa tamu, lakini maji yenyewe yalikuwa yameshafika miguuni mwa mke.

Alifungua mfuniko: barafu yote imeyeyuka. Akalivuta friza, akachungulia nyuma. Pale palipotakiwa kuwa na mashine palikuwa pamefungwa jiwe, ili mbebaji asishangae wepesi.

"Nyanya niliziacha zina maua," alisema. Hakupaza sauti, na Mkurugenzi aliogopa kuliko kama angetukanwa. Kwa mara ya kwanza katika mambo yote hayo aliona aibu, na hakuipenda.

Walifika bucha wakiongozwa na mlio. Injini ilikuwa imefungwa kwenye mashine ya kusagia nyama, inanguruma vizuri tu, na fremu ya pikipiki imetupwa karibu na mbuzi.

"Mimi nanusa nyama iliyolala usiku mmoja," mwenye bucha alimweleza Mkurugenzi bila kuacha kukata na kusaga. "Nishindwe kunusa petroli? Mota yangu iliungua, injini nilikuwa naitafuta."

"Umeniibia, mzee," Mkurugenzi alisema kwa uchungu wa kweli.

Mkewe akampita. Alimwambia mwenye bucha, mbele ya foleni nzima ya wateja, kwamba injini ile ni yake na mtaa mzima unaujua mlio wake, kwa hiyo amenunua mali ya wizi. Kisu kikasimama hewani. Lakini, akaendelea, anaona inafanya kazi nzuri. Ibaki. Kila wiki atalipwa kodi, nusu pesa na nusu nyama, na fremu apewe fundi, kwani maskini hajapata hata senti.

Mwenye bucha alikubali haraka. Kisha akauliza, kwa huruma ya kweli, "Na bustani, mama? Utamwagilia na nini?"

"Pampu ninayo."

Hakumtazama mumewe. Foleni ndiyo iliyomtazama.

Tangu siku hiyo Mkurugenzi huteka maji kijitoni kwa ndoo na kupanda nayo mpaka bustanini, jua likimchungulia mgongoni. Mwanzoni alipendekeza mradi wa bomba refu, ambao mkewe angechangia kidogo tu. Mkewe alimwonyesha mistari ambayo haijamwagiliwa. Hivi karibuni, nyanya zilipokwisha kuinua vichwa, akauliza kwa adabu kazi hii itaisha lini. Akajibiwa kwamba itaisha siku nyanya zenyewe zitakaposema basi.

Mpaka leo hazijasema.