Mwisho ya Filme Zote Iko Kwangu

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 6 Oktoba

Kama mi, Badibanga, ningehama Kapata leo, hakuna mutu hapa angejua filme inaishaka namna gani. Si majivuno. Ni kweli tupu.

Kila magaribi courant inakatika filme ikiwa katikati. Umeme yote inaenda kuchimba shaba. Televizyo inazima, mutu mubaya ameinua kisu, na hakuna mwenye anajua kisu imeangukia nani. Basi banakuja kwangu. Mi nimeona filme zote. Niliziona Lubumbashi, kiti ya mbele, pembeni ya konsul moja mwenye alikuwa ananiomba nimuelezee. (Karibu hivyo.)

Kazi yangu kubwa kuliko zote: Arusi ya Leontina. Serie ya mwaka muzima! Siku ya sehemu ya mwisho, courant ilienda kwenye wimbo ya kufungua. Kapata yote giza na malalamiko. Nikasimama. Nikasema Leontina anamusamehe mama-mukwe yake, anamunawisha miguu, anajenga dispensaire ya bagonjwa. Batu balilia. Yaya yangu, dada yangu mukubwa Mama Mujinga, alilia kuliko bote, juu yeye mwenyewe ni mama-mukwe, na ni kazi anafanya kwa nguvu. Hapo hapo akaamuru mutoto muchanga ya mwana yake Mpoyi aitwe Leontina. Jocelyne, bibi ya Mpoyi na mama ya mutoto, akakubali. Na mi nikapewa kuwa parrain, baba wa ubatizo! Ubatizo ni siku ya Mungu hii, Jumapili. Costume ya kuvaa kanisani iko tayari. Kofia pia.

Habari moja ndogo, mubaya: jirani Mwamba amenunua pano ya jua, ya kuzaa umeme, na batri.

Siku ya pili, tarehe 7 Oktoba

Mwamba anajenga akiba ya filme za nyumba, zote ndani ya clé, kidude ya kuchomeka kwenye televizyo, kidogo kama kidole ya mutoto. Nikajiteua conseiller yake. Hakuniomba. Batu bakubwa habangojaki kuombwa.

Nikamushauri. Kwanza Chongo ya Mulima, filme ya bunduki: inaleta njaa, mutu anaiangalia anakula bukari ya batu babili. Kisha Mamba ya Waziri, lakini si ya kuangalia na tumbo yenye kuuma. Kisha Bapadri na Ngamia, ya kuchekesha; hata batu ba Kasaji, benye kuchelewa kuelewa, banaicheka, kesho yake. Na kupita zote, serie moja ya maana kabisa: Familia Ndefu. Sehemu zaidi ya mia tatu. Nikamuambia aanze na hiyo, leo, bila kuruka hata moja.

Mpango yangu ni huu: mbele Familia Ndefu iishe, Leontina mudogo atakuwa na bajukuu.

Mwamba akasema asante Tonton, yaani mjomba, kichwa yako ni kabati. Nikarudi nikiimba.

Magaribi bibi yangu Micheline ananiletea habari. Mwamba amepata sehemu ya mwisho ya Arusi ya Leontina. Bamama bameamua iangaliwe siku ya posho, Jumamosi, kwa kuheshimia mutoto. Nani ameamuru? Yaya Mujinga.

Sikumaliza bukari.

Siku ya tatu, tarehe 8 Oktoba

Nimefikiri. Pengine nilibahatisha vizuri. Pengine Leontina anamunawisha miguu kweli. Batu banawishana miguu, iko kwenye Biblia.

Na kama hapana? Kwaheri parrain. Kwaheri kiti ya mbele kanisani. Na yaya atanitafuta na ule muiko yake.

Sasa, pano inakula jua. Bila jua, batri haina kitu. Nikafunga kula na kuomba mawingu. Nilifunga kwa nguvu sana, mpaka harufu ya sombe ilipofika toka jikoni.

Mungu alinisikia! Mvua ya kupasua masikio, siku nzima. Kwa Mwamba, giza. Nilicheza peke yangu chumbani.

Kisha bati yetu ikafunguka, juu kabisa ya kabati. Costume imelowa. Kofia imekuwa na umbo ya bata. Micheline aliuliza nani ameiomba hii mvua. Nilisema Mwamba.

Siku ya tano, tarehe 10 Oktoba

Jua! Tangu asubuhi, jua bila haya!

Nikaenda kwa Mwamba na uso ya daktari. Nikamuambia clé yake ina virusi, nimeijua kwa rangi. Nitaisafisha bure. Akanipa. Hakuuliza kitu. Batu ba pano habana akili.

Nikaitupa ndani ya mutungi ya munkoyo, kinywaji ya mahindi, chini kabisa. Munkoyo ya Micheline inaozesha hata misumari.

Mugeni wa kwanza kunywa alikuwa yaya Mujinga. Alitema kitu mezani. Akauliza kama siku hizi munkoyo inazaa. Nilisema ni dawa ya mugongo. Aliangalia ile dawa muda murefu, akaipangusa na kitambaa, akaiweka kwenye sidiria. Akasema kesho atamurudishia Mwamba dawa yake, juu Mwamba anangojea ya namna hii.

Clé haikuoza hata kidogo. Ni kama imetiwa nguvu.

Siku ya posho, tarehe 11 Oktoba

Nitaandika haraka.

Batu balijaa kwa Mwamba kama Pasaka. Yaya amekaa kwenye fotei, mutoto magotini. Jocelyne alimuletea chai, akapiga magoti kidogo, kama heshima inavyotaka. Mi nilikaa karibu na mulango.

Wimbo ikapita. Courant ya jua haikutingishika. Leontina huyu hapa, muzuri kama malaika, anapika kahawa ya mama-mukwe. Mi nikasema kwa sauti: munaona, maji ya miguu inachemka. Batu bakaitikia kwa heshima.

Leontina akatoa karatasi kwenye mukoba. Akamimina bunga nyeupe ndani ya kikombe. Akakoroga. Akacheka.

Ile saa yaya Mujinga alikuwa ameinua chai yake. Na mi, sijui nini ilinishika, nikaruka na kulia: Mama, usikunywe!

Nilikuwa ninasema na ule wa televizyo! Lakini yaya akaachilia kikombe. Chai kwenye pagne yake ya kujifunga, mutoto analia, batu bote banageuka kumuangalia Jocelyne. Yeye akaanza kulia, akaapa ni chai na sukari tu, akaapa kwa mama yake na kwa mama ya mama yake. Mpoyi akasimama, hajui ashike bibi ao ashike mama.

Na Mwamba akasema, kwa utaratibu: Tonton, si ulisema anamunawisha miguu? Si uliona Lubumbashi?

Yaya akanyamazisha bote. Akamuambia Jocelyne: mwanangu, lete ingine, kunywa nusu, nami nusu. Jocelyne akaleta, akakunywa yote bila kupumua. Akaomba msamaha, akasema alikuwa na kiu ya hofu. Yaya akacheka mpaka fotei ikalia, akamukumbatia. Kisha akaniangalia mi. Hakucheka tena.

Kwenye televizyo mama-mukwe alikuwa chini. Daktari Fabricio akaingia na sanduku yake. Kisha maandishi: itaendelea. Kumbe mwisho haikuwa mwisho.

Siku ya Mungu, tarehe 12 Oktoba

Mutoto amebatizwa Abigaël. Parrain: Mwamba. Alivaa miwani ya jua ndani ya kanisa.

Yaya alinipa kazi pia. Kuchunga biti za kukodi, kiti moja isipotee. Nilizichunga kama jenerali. Jocelyne aliniletea sahani ya nyama, akaniuliza polepole: Tonton, ulikuwa unataka kuniua na mama-mukwe yangu? Nilijibu kwamba bila mi hangejua namna yaya anamupenda. Alifikiri. Akaniachia sahani, akarudisha nyama kubwa.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 13 Oktoba

Nimeelewa kosa iko wapi. Ile sehemu ya Mwamba ni kopi ya uongo. Yenye iko kweli niliiona mi.

Leo, kwenye bomba ya maji, bamama balikuwa banabishana: mama-mukwe atapona ao atakufa? Nikasimama. Nikasema anapona, Daktari Fabricio anamufufua na majani, anatubisha Leontina, anakuwa askofu. Angèle, ule wa nyumba ya pili, mimba yake inakaribia miezi tisa, akaniuliza Fabricio inaandikwa namna gani, na kama ni mutu muzuri kweli. Nikamuambia mutakatifu. Nikamuambia pia kwamba costume yangu imekauka.

Kitu kimoja tu, na kibaki hapa. Asubuhi nilienda kwenye ukuta ya Mwamba, nikamuomba, yeye mwenye clé, aniambie kama ule mama-mukwe ya televizyo anapona. Alisema niombe vizuri. Nikaomba vizuri. Alisema niseme Tata Mwamba, kama mutoto kwa baba yake. Nikasema.