Ufunguo wa Pili wa Mashine ya Nondo

Jumatatu, 9 Juni 2025

Maabara yetu ya kupima vifaa vya ujenzi ina mashine moja ya maana: ile inayovuta nondo mpaka ikatike. Kishindo chake huwashtua wauza vitenge hadi mtaa wa pili. Ufunguo wa kuiwasha ni mmoja tu, na leo Injinia Abdulkadiri amemkabidhi Swaumu. Swaumu! Mimi Gaudens nina miaka kumi na mmoja hapa, yeye miwili. Eti binti ni makini. Sheria inasema anayeingia nyuma ya wavu wa kinga kusafisha meno ya mashine autie ufunguo mfukoni mwake, ili mwingine asiweze kuiwasha. Sheria nzuri. Mfuko ndio umekosewa.

Jumanne, 10 Juni

Kabla ya kuwasha, Swaumu huita: "Nani yuko ndani?" Anaita mara mbili, kisha anazunguka mashine kuchungulia. Tuko wawili tu chumbani! Sikuitika. Mtu mzima haitwi mahudhurio kama mtoto wa darasa la pili. Mchana alipokwenda kutawadha aliuacha ufunguo mezani. Nikaukandamiza kwenye kipande cha sabuni ya mche. Haraka! Nimenukia usafi hadi jioni.

Jumatano, 11 Juni

Mchonga funguo mmoja aitwaye Fikirini, kando ya Mtaa wa Msimbazi, aliitazama sabuni, akanitazama mimi, akauliza kama mke wangu anajua. Nikamwambia ni ufunguo wa kazini. Akasema wote husema hivyo. Ufunguo umetoka safi kabisa. Nimeuweka mfukoni pamoja na rozari. Kesho nitawahi kazini. Injinia akifika atakuta nondo sita zimeshavutwa, ajiulize kwa nini alihangaika na watoto.

Alhamisi, 12 Juni

Nondo ya tatu imekatika vibaya, kipande kikakwama kwenye meno. Nikazima. Nikautia ufunguo wangu mfukoni, kama sheria inavyotaka. Nikaingia nyuma ya wavu, mkono ndani hadi kiwiko. Mlango ukalia. Swaumu, naye kawahi! Nikasikia akichomeka ufunguo wake.

"Nani yuko ndani?"

Sikuitika. Nakiri humu kwa sababu daftari halina mdomo. Nikiitika, ufunguo wa wizi utajulikana na kazi sina. Nisipoitika, mkono sina. Nilivijua vyote viwili, na bado nilinyamaza. Akaita tena. Nikajaribu kuuchomoa mkono polepole, shati likanasa. Niliogopa sijapata kuogopa hivyo. Kisha nikasikia buti zake zikizunguka mashine, kama kila siku. Aliona viatu vyangu kwanza.

"Kaka Gaudens!"

Hakupiga kelele. Alikwenda akauchomoa ufunguo wake, akarudi kuninasua shati, kisha akakaa sakafuni. Chai yake hakuigusa asubuhi yote.

Ijumaa, 13 Juni

Injinia ameukata ufunguo wangu kwa msumeno, mbele yangu. Kazi ninayo, kwa sababu Swaumu aliniombea. Jamani! Niliona aibu hadi masikioni.

Leo nimevitazama vidole vyangu sana. Hiki mke wangu Celina alikivisha pete. Hiki nilikibana mlangoni utotoni, kule Rombo, hakikunyooka tena. Vipo vyote kumi kwa sababu ya mwito niliokuwa naucheka. Nilikuwa tayari kuupoteza mkono kuliko kuonekana mjinga. Swaumu ameniomba jambo moja tu: akiita, niitike. Nimeapa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimewaza tangu asubuhi namna ya kumshukuru. Khanga? Celina angetaka maelezo. Nikapita kwa Fikirini. Sabuni bado anayo! Nimechongesha ufunguo mpya, nimeufunga utepe mwekundu, zawadi ya Swaumu. Safari hii hakuna siri wala wivu, nitamkabidhi mwenyewe Jumatatu. Binti ameniokoa mkono, lazima nami nimjali. Siku nikiingia nyuma ya wavu na ufunguo wake mfukoni mwangu, yeye awashe kwa huu, asikwame kazi.