Idara ya Utafiti, Mlango wa Pili Baada ya Vyoo

Jumatatu, 6 Mei
Leo nimeingia katika historia ya elimu. Nimemweleza Mwalimu Mkuu kwamba watoto wetu hawasomi kwa sababu hakuna anayewapima wakisoma. Kasema basi wapimwe, Afisa Elimu anakuja tarehe 24 na jaribio lake. Tukaafikiana: darasa langu, Nne A, likishinda, stoo ya mafagio inakuwa Idara ya Utafiti na mimi ndiye mkuu wake. Likishindwa, nashika zamu ya vyoo mpaka nistaafu. Nimebakiza miaka minane. Nilicheka. Utafiti haushindwi!
Nne B ni wa kulinganishia tu, yaani wasiofanyiwa chochote. Wanafundishwa na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Kutofanya chochote anakuweza.

Jumanne, 7 Mei
Nimehamia stoo mapema, nisije nikabanwa na pongezi baadaye. Ilijaa vitabu vya hadithi, maboksi tisa, vumbi kama unga. Nimevimwaga vyote kwenye korido, mlangoni pa Nne B. Shemeji kaniuliza, shem, unatupa au unatuzawadia? Nikamwambia achukue, asije akasema utafiti ulimnyima. Alicheka mno. Sikupenda.

Alhamisi, 9 Mei
Fomu imekamilika! Maswali kumi na manne, hujazwa kabla ya kila ukurasa na baada yake. Swali la saba: Je, ukurasa huu umekufurahisha? Sana, kiasi, niulize kesho. Nne A wameinama kama makarani. Hakuna aliyefika ukurasa wa pili, lakini takwimu zinamiminika.

Jumatatu, 13 Mei
Shemeji kakaukiwa na sauti. Ananong'ona tu. Kutwa anakaa na kikombe chake cha maji ya moto huku Nne B wakijisomea vile vitabu vyangu vya vumbi. Hafundishi kabisa! Nimemwonea huruma, kisha nikafurahi, kisha nikaona aibu kidogo, kisha nikafurahi tena.
Nyumbani mke wangu akaniambia, we baba, watoto wakisoma si ndiyo kazi yenyewe? Nikamfafanulia kuwa kusoma bila kupimwa ni kutazama karatasi. Akauliza kama na chakula chake nitakijazia fomu au nitakula tu. Nilikula tu.

Ijumaa, 17 Mei
Mzazi kaja juu: mwanawe hagusi sahani mpaka aulizwe ameridhika kwa kiwango gani, moja hadi tano. Nimemshukuru kwa ushahidi.
Mwalimu Mkuu kachungulia, kauliza wamesoma kurasa ngapi. Nikamwonyesha fomu elfu moja na mia mbili. Kauliza tena. Nikakohoa.

Ijumaa, 24 Mei
Afisa aliwapa Nne A hadithi ya nusu ukurasa. Wote thelathini na watano waliandika jina na tarehe, wakatia sahihi pembeni, wakairudisha. Mmoja akauliza sehemu ya maoni iko wapi.
Nne B walisoma hadithi yao, wakasoma ya Nne A, wakasoma na barua za siri za Afisa mpaka akafunga mkoba. Akataka kujua hawa walifanyiwa nini. Shemeji, ambaye sauti ilichagua leo kumrudia, akaninyooshea kidole: ni huyu shem wangu, alitumwagia vitabu mlangoni.
Afisa akanipa mkono. Kasema mpango ndio huo, vitabu vitoke stoo, watoto waachwe wasome. Mwalimu Mkuu naye akanyoosha mkono. Alitaka ufunguo. Mafagio yamerudi ofisini kwangu.

Jumatatu, 27 Mei
Zamu ya vyoo, saa moja na nusu asubuhi.
Afisa ni mtu mwema, ila haoni mbali. Vitabu! Vitabu vilikuwepo miaka yote. Kilichobadilika Nne B ni nini? Sauti ya shemeji! Nimeshaandika pendekezo la sera: kila mwalimu nchini awe amekaukiwa na sauti kabla ya muhula wa pili. Fomu yake ina maswali thelathini na mawili.
Kwa kuwa mganga hujionjea dawa kwanza, nimepiga kelele hapa vyooni tangu kengele ya kwanza. Sauti bado ninayo. Ila wanafunzi watatu wamejifungia ndani na wamekataa kutoka.
Nimewapitishia fomu chini ya mlango. Mmoja ameirudisha. Swali la saba, kajaza: niulize kesho.