Fimbo Namba Tatu na Chumba cha Nyuma

Jumatatu, 3 Juni

Likizo, siku ya kwanza. Nimeianza kwa ubishi, lakini ubishi mzuri, wa kushinda.

Ilikuwa mezani, mchana. Shemeji, yaani kaka wa mke wangu, fundi friji, mtu anayekula kwetu kila siku kama amelipia, alikuwa anasimulia jinsi alivyovua perege wawili bwawani kwa mnyoo. Perege wawili! Nikamwambia mnyoo ni mambo ya watoto. Mwanamume huvua besi, yule samaki wa mdomo mpana kama geti, tena humvua kwa nzi. Nzi wenyewe si wale wa chooni. Ni ndoano iliyovalishwa manyoya na nyuzi, samaki akiiona anadhani mdudu. Nikamweleza habari za besi niliyempata nikiwa na miaka kumi na tisa, aliyeuvuta mtumbwi wangu kuzunguka bwawa mara mbili, mara ya pili kinyumenyume.

Shemeji akasema nilipoisimulia mwaka jana, samaki huyo alizunguka mara moja. Nikamjibu mwaka jana nilikuwa nafupisha.

Hapo mke wangu akaweka kijiko chini. Yeye ni mshonaji. Cherehani yake iko koridoni, maana chumba cha nyuma kina vitu vyangu: mashine ya kutotolea vifaranga (haijatotoa bado), mizinga miwili (nyuki hawajafika bado), na baiskeli niliyoifunga kinu cha kusagia (inasaga, ila inasaga suruali). Kila anayekwenda chooni humruka mke wangu miguu. Akasema kwa upole, na upole wake ndio unaotisha, kwamba Jumapili twende bwawani sote. Nikipata besi mmoja kwa nzi, chumba ni changu maisha, hatatia neno tena. Nisipopata, Jumatatu cherehani inaingia, vitu vyangu vinatoka. Shemeji akasema yeye ndiye shahidi. Nani kamuuliza?

Nimekubali. Besi mmoja tu! Hii ni zawadi.

(Fimbo ya kuvulia kwa nzi sijawahi kuishika. Lakini niliwahi kuiona kwenye kalenda.)

Jumanne, 4 Juni

Duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji ni mtu mwembamba, miwani inaning'inia shingoni, maswali mengi kuliko polisi. Nataka samaki gani? Maji yana majani? Nzi wangu wakubwa au wadogo? Nikamwambia, bwana, unaongea na mtu aliyewahi kuvutwa na samaki.

Akanieleza kwamba fimbo hizi zina namba. Namba inakwenda na uzito wa mshipi, na mshipi ndio unaombeba nzi hewani. Besi anataka nzi mkubwa, kwa hiyo fimbo namba saba au nane. Namba tatu ni ya visamaki vya kijitoni.

Nikamwacha amalize. Kisha nikatumia akili. Darasani bora ni nani? Namba moja. Namba nane ni nani? Hakuna anayemkumbuka. (Mimi nilikuwa thelathini na moja. Nayajua haya mambo.) Kumbe huyu anataka kunisukumia mali ya nane! Nikaomba namba moja. Hana. Namba mbili? Hana. Nikachukua namba tatu. Nyembamba, nyekundu iliyoiva, mpini wa gome jepesi kama la kizibo cha chupa. Ukiitikisa inatetemeka kama mtu mwenye umbea. Nzuri mno!

Nzi nao, akanitolea madude: vyura wa manyoya, panya mwenye mkia wa ngozi. Eti besi ndivyo anavyokula. Nikamwambia nimekuja kununua nzi, kama ningetaka panya ningebaki nyumbani. Nikachagua nzi sita wadogo kama mbu.

Tumebadilishana na mashine ya vifaranga. Aliuliza kama ni nzima. Nikasema kwa ukweli kabisa, haijawahi kuvunja yai hata moja.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi uani. Mshipi unaurusha nyuma, kisha mbele, nzi anatua kwa madaha. Kwenye kalenda ilionekana rahisi.

Mrusho wa kwanza: kamba ya nguo. Wa pili: sikio langu. Wa tatu ulinasa gauni la mteja wa mke wangu, mwalimu mkuu, mwanamke mwenye hadhi. Gauni likateremka kwenye kamba likanifuata uani kama linanidai.

Shemeji alikuwa amekaa kizingitini na ndizi mkononi. Akapiga kelele: "Shemeji, mrudishe majini huyo, bado mdogo, hata vifungo hajaota vyote!" Mtu mzima anacheka mpaka ndizi inamtoka puani.

Mke wangu, huko koridoni, bila kuinua uso, akasema nina pupa. Mshipi haujanyooka nyuma, mimi nimeshauvuta mbele. Akasema ni kama pedali ya cherehani, uache ipande hadi mwisho ndipo uishushe. Nikamshukuru, nikamkumbusha kwamba hii si cherehani.

Sikio limevimba. Nadhani linanipa sura ya mvuvi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia mke wangu nakwenda kumwonyesha daktari sikio. Nimekwenda bwawani kupeleleza.

Mlinzi wa bwawa ni mama mmoja mwenye buti za mpira na redio kiunoni. Akanionyesha: besi wote wako pale kwenye matete, chini ya gogo lililolala majini. Alipokuwa bado ananyoosha kidole, chura akaruka kutoka kwenye gogo. Maji yakapasuka, puh! Chura hakuonekana tena. Mlinzi akasema, "Basi ndiye huyo, Mjomba." Kila mtu ananiita Mjomba, hata watu wasionijua. Nina uso wa ujomba.

Nikawarusha mbu wangu wote sita, mmoja baada ya mwingine, saa tatu nzima. Besi hata hakupiga chafya. Nilichopata ni kisamaki kimoja, urefu wa kidole gumba, tena kilinaswa mkiani kikiwa kinapita kwenye shughuli zake. Mlinzi akauliza kama naondoka nacho au nakiachia kiende kwa mama yake. Nikamwambia leo nilikuwa napima maji tu.

Njiani nimefikiri sana. Besi anakula chura. Kwa hiyo nzi wa besi lazima awe mkubwa kama chura. Ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kulifikiria jambo hili!

Mke wangu aliuliza daktari kasemaje. Nikasema kaniandikia kupumzika karibu na maji.

Ijumaa, 7 Juni

Kiwanda! Dukani sirudi, yule muuzaji atajiona. Naunda vyura mwenyewe.

Chura lazima aelee. Kitu gani kinaelea? Nikatazama mlangoni. Kandambili za Shemeji, bluu, nene, karibu mpya. Mwenyewe alikuwa ndani analala kwenye kiti baada ya kula. Nikachukua ya kulia. Kisigino kimoja kinatoa vyura watatu! Miguu ya nyuma nikaikata kutoka kwenye wigi la zamani la mke wangu. Ndevu, manyoya ya ufagio wa kupangusia vumbi.

Shida ni vidole. Vyangu ni vya kazi kubwa, mimi ni mtunza stoo, nimezoea magunia. Uzi ulinifunga mimi na ndoano na mguu wa meza. Mke wangu alisimama mlangoni akitafuna kipande cha chaki yake ya kushonea, tabia mbaya aliyonayo akiwa anawaza. Mwisho akavuta kiti, akanifungua kwanza mimi, halafu akafunga vyura watatu katika muda wa chai kupoa. Wigi lake alilitambua. Nimemshauri akaze mafundo, naye alikuwa ameshayakaza.

Lakini, ah! Vyura gani hao! Ukiwaweka kwenye beseni wanakaa juu ya maji wanakutazama.

Shemeji kaondoka na kandambili moja. Aliitafuta nyingine mpaka chini ya jiko. Nilimsaidia kutafuta.

Jumamosi, 8 Juni

Maafa. Chura na fimbo namba tatu hawaelewani.

Nilimfunga chura, nikarusha. Fimbo ikapinda kama mgonjwa anayeinamishwa kupigwa sindano. Chura akaenda nyuma kwa shida, akafikiri, kisha akarudi akanitandika kisogoni. Mara tisa. Shemeji akahesabu kwa sauti, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Akauliza, eti huyo chura anamvua nani?

Mke wangu akatokeza kichwa dirishani akauliza kama yule muuzaji alisema chochote kuhusu fimbo. Nikasema hakusema la maana.

Saa kumi nilikuwa dukani. Sikuweza kusema nimekosea, mtu ana heshima yake. Nikamwambia kwamba fimbo yangu ni safi, hainisumbui hata kidogo, ila mke wangu anaanza kujifunza, na kwa mwanafunzi labda ile namba nane ingefaa. Aniazime hadi Jumatatu. Nikaacha mzinga mmoja kama dhamana. Muuzaji akafurahi! Akasema kina mama huwa na mkono mtulivu kuliko wanaume. Akaifunga ile fimbo kwa karatasi kabisa. Akasema kesho naye atakuwa bwawani, angependa kumwona mama akianza.

Nikamwambia karibu sana.

Kwa nini nilimwambia karibu sana?

Haidhuru. Watu wa maduka Jumapili huchelewa kuamka. Atakapofika, besi wangu atakuwa ameshakauka kwenye majani.

Jumapili, 9 Juni

Tulifika mapema. Muuzaji alikuwa ameshafika mapema zaidi, na kofia, na kiti cha kukunja.

Namba nane ilikuwa mkononi mwangu, chura amefungwa, gogo lile pale mbele. Dakika moja tu nilihitaji! Muuzaji akasimama, akampa mke wangu mkono, akasema, "Kumbe mwanafunzi mwenyewe ndiye huyu! Mumeo kanieleza, mama. Kakuazimia fimbo."

Mke wangu akanitazama. Shemeji akanitazama. Hata mlinzi wa bwawa alizima redio.

Mke wangu akaifuta mikono yake kwenye khanga, akanyoosha mkono, akasema kwa ule upole wake, "Asante, baba watoto. Sikujua kama ulinifikiria." Ningefanyaje? Nilimpa.

Nikabaki na namba tatu. Nikaenda pembeni, nikafunga chura wa pili, nikamwomba kila ninayemwomba. Nyuma. Mbele. Chura hakuja mbele. Nilipogeuka nikamkuta amenasa kwenye kaptula ya Shemeji, upande wa kukalia, naye Shemeji anaruka kwa mguu wenye kandambili.

Wakati huohuo mke wangu alikuwa amesimama mbele ya gogo. Hana haraka. Mshipi ukaenda nyuma. Akasubiri. Niliuona mguu wake wa kulia unapanda na kushuka mchangani, kama uko kwenye pedali. Mshipi ukaja mbele, mrefu, umenyooka kama pindo. Chura akatua kando ya gogo, tap. Akakaa. Mke wangu akamtikisa kidogo.

Maji yakapasuka.

Sijui niandikeje. Fimbo ilipinda lakini haikuinama. Besi akaruka mara mbili, mdomo wazi, akitupigia kelele kimyakimya. Mke wangu akawa anasema naye, "Taratibu, taratibu, mwanangu," kama anavyosema na kitambaa cha hariri. Nilisahau chumba. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Akamfikisha ukingoni, urefu wa mkono wangu hadi kiwiko, na mlinzi akamwopoa kwa wavu.

Shemeji akaja akichechemea kutazama. Akainama. Akatazama ndani ya mdomo wa samaki kwa muda mrefu sana.

"Shemeji," akasema. "Hii si kandambili yangu?"

Muuzaji alilazimika kukaa kwenye kiti chake.

Nilitoa hoja tukiwa njiani. Nilisema dau lilikuwa besi apatikane kwa nzi, na kapatikana, na mume na mke ni mwili mmoja, basi nusu ya besi ni wangu. Mke wangu akakubali mara moja. Akasema nitapata nusu. Ya besi.

Jumatatu, 10 Juni

Likizo imekwisha, nimerudi stoo. Asubuhi niliwasimulia wenzangu kwamba mke wangu alipata besi chini ya mafunzo yangu. Saa nne, katika simulizi yangu, tulikuwa tumemshika wote wawili. Jioni nilikuwa peke yangu, na mtumbwi, na besi kanizungusha bwawa mara tatu.

Cherehani imeingia chumbani. Kuna meza ndefu, kuna dirisha, na ule mwanga unamwangukia mikononi. Anaimba akishona. Sikumbuki kama koridoni aliwahi kuimba. Haya ninaandika nikiwa koridoni, pale ilipokuwa cherehani. Kila anayekwenda chooni ananiruka miguu.

Fimbo namba nane muuzaji kamwachia mke wangu kabisa, badala ya ule mzinga. Kumbe namba zinakwenda kinyume! Ndogo ni duni, kubwa ndiyo bora. Hakunieleza hata mara moja. Nikampigia simu nikiwa kazini, nikaagiza iliyo kubwa kuliko zote, namba kumi na mbili. Akasema hiyo ni ya mapapa wa baharini, bwawani itakuwa kama kuua mbu kwa mlango. Nimemjua huyu, akiwa na mali nzuri huificha. Anachukua ile baiskeli ya kusaga. Jumapili ijayo nimeshamtangazia Shemeji: besi wawili, na cherehani inarudi koridoni.

Shemeji naye kanunua kandambili mpya. Za kijani. Kazivua mlangoni zote mbili, yuko ndani anakula. Na chura wa kweli, ukimtazama vizuri, si bluu. Ni kijani.

Mkasi uko chumbani kwa mke wangu. Nitabisha hodi.