Nilivyolitandazia Bwawa Nyasi

Leo nimevuliwa suruali na bwawa. Mbele ya mama mkwe. Na mbele ya waumini wa ibada ya asubuhi, kwaya ikiwemo.

Nawaandikia nyinyi wa kundi hili mapema, kabla hamjasikia kwa Evarista, maana yeye akisimulia ataongeza chumvi, na kisa chenyewe kimeshakolea. Hapa nilipo nimekaa sebuleni kwa mama mkwe. Nimejifunga kitenge chake chenye picha za kuku na vifaranga. Suruali yangu inakaushwa jikoni. Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Mnaonijua mnajua: mimi ni mtu wa Kibingo, kule Kyerwa, nikaoa huku kijijini Ndama, na Ndama nikabaki. (Ndiyo, nilimfuata mke. Utani huo nimeshauzoea, pitieni mbele.) Mama mkwe anakaa chini bondeni, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na marehemu mumewe. Na marehemu mwenyewe yumo humo humo. Kaburi lake liko chini ya migomba, upande wa kijito.

Mvua za mwaka jana zilimtesa mama huyu. Maji yalishuka kutoka mlimani yakapita katikati ya kibanja, yakabeba maharage, yakalaza migomba, yakang'oa msalaba wa kaburi. Msalaba tulikuja kuuokota shambani kwa jirani. Mama hakulia mbele yetu. Lakini tangu hapo, mvua ikianza tu, hata ya manyunyu, anakaa kitandani ameegemea ukuta, macho kodo, anasikiliza. Jesca, mke wangu, amemkuta hivyo mara nyingi mpaka akawa analia yeye.

Shemeji yangu wa Bukoba akasema basi, mama ahamie kwake mjini. Mama akamjibu, "Niende, baba yenu nimwachie nani? Maji?"

Ndipo kijiji tukajenga bwawa. Dogo tu, juu kidogo ya kibanja cha mama. Tuta la udongo limekinga bonde, maji ya mvua yanajikusanya nyuma yake badala ya kushuka yote kwa mpigo. Yakizidi, yanatokea kwenye mfereji wa pembeni, tunauita utoro, yanazunguka kibanja na kuingia kijitoni kwa adabu. Tulichimba wote kwa majembe na machepeo, na mimi wakanichagua mwenyekiti wa kamati ya bwawa. (Nadhani ni kwa sababu ya kuongea. Kuchimba sikuchimba sana.)

Mama hakusadiki. Alisema mbele ya wanawe wote: "Mvua kubwa ya kwanza nitakwenda kuliangalia kwa macho yangu. Likishika, nabaki na mzee wangu. Lisiposhika, nipelekeni Bukoba."

Sasa hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia. Tuta tulilipanda ukoka, lakini ukoka ulikuwa haujashika. Lilikuwa jekundu, tupu kabisa. Na nyinyi mnajua kwetu huku, kibanja kisichotandazwa nyasi ni aibu ya mwenye nyumba. Watu wanapita njiani wanatikisa vichwa. Nikajiuliza, mama mkwe atakuja kuangalia bwawa la mkwewe, alikute liko uchi? (Oneni neno nililotumia. Mungu alikuwa anasikia.)

Jana nikabeba mizigo ya nyasi niliyokuwa nimeikata kwa ajili ya kibanja cha mama mwenyewe, nikalitandazia tuta lote, upande wa maji, juu mpaka chini. Nene! Safi! Migomba ya jirani ingeona wivu. Mizigo mingine sikuifungua hata, niliilaza chini kama mto ili nyasi zisiteleze. Nikapiga picha nikaituma humu, na nyinyi mkanijazia vidole gumba. Kwa hiyo msijifanye hamkuhusika.

Leo Jumapili nikavaa suti ya harusi. Suruali yake kifungo hakifiki tena kwenye tundu lake, naishikiza kwa mkanda. (Jesca anapika vizuri. Kosa ni lake.)

Katikati ya mahubiri mvua ikaja. Si mvua, ilikuwa vita juu ya bati. Mchungaji tulimwona mdomo tu unacheza. Watu wengine wakawa wanatabasamu kwa kukosa la kufanya. Mimi nilikuwa namtazama mama mkwe kwenye benchi la mbele. Hakumwangalia mchungaji hata kidogo. Aliangalia paa, na mikono yake ilikuwa imeshikana kwa nguvu.

Mvua ilipopungua, akasimama. Akafungua mwavuli, akageuka kuelekea nilipo.

"Mwenyekiti," akasema, "twende."

Niwaambie kitu. Mimi na mama huyu hatujawahi kushikana mikono. Ndiyo heshima zetu. Namwamkia nimeinama, "Shikamoo mama," yeye ananiitikia akitazama pembeni, basi. Jina langu halitaji. Leo ananiita mwenyekiti mbele ya kanisa! Nikanyoosha tai. Nikatangulia. Nyuma yangu Jesca, mama, kisha Evarista, mweka hazina wetu wa kamati, ambaye pia ni sauti ya kwanza ya kwaya, kisha kwaya, kisha kila mtu aliyekuwa hana haraka ya kwenda kula. Wengine waliacha hata mwavuli.

Tukafika. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya chai ya maziwa, na tuta limesimama imara. Kifua kikanijaa.

"Mama, unaona? Limeshika!"

Evarista akasogea ukingoni, akachungulia. "Mwenyekiti, mbona utoroni hapapiti kitu?"

Nikaangalia utoro. Kisha nikaangalia tuta. Tuta lilikuwa jekundu, tupu, hata unyasi mmoja haupo. Jamani, nyasi zinaelea! Maji yalivyopanda yaliziinua zote, taratibu, pamoja na mizigo ile niliyoiacha imefungwa, yakazisukuma mpaka kwenye mdomo wa utoro, na hapo zikajishindilia. Njia ya maji nimeiziba mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa ajili ya urembo. Na maji yalikuwa bado yanapanda. Yakifika juu yakaanza kumwagika juu ya tuta la udongo, tuta linaondoka, na bwawa lote linamwangukia mama kibanjani.

"Hizi nyasi kaleta nani?" Evarista akauliza.

"Zimeshuka na maji kutoka huko juu," nikasema. (Nimetoka kanisani sasa hivi. Biblia iko kwapani.)

Jesca akauangalia mzigo mmoja uliokuwa unaelea, bado umefungwa kwa kamba ya mgomba. "Huko juu nao wanafunga kwa fundo lako? Na hizo si zile nyasi za kwa mama?"

Kwaya ikakohoa.

Mama mkwe alikuwa anaangalia chini bondeni, kwenye migomba yake. Kisha akasema polepole, si kwa hasira, ingekuwa afadhali angekasirika:

"Basi. Nikafungashe vitu."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniingia. Huyu mama aliniozesha mwanaye bila kuniuliza kwetu kuna nini. Nikampa Jesca Biblia, nikampa viatu, nikarukia utoroni.

Mtu mwenye akili angesimama pembeni, juu ya ukingo, akazivuta nyasi kwa jembe la uma. Evarista alipiga kelele, "Usisimame mbele ya maji!" Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini mama mkwe alikuwa anaangalia, na pale mbele ndipo palipoonekana pa kishujaa. Nikasimama katikati ya mfereji, upande wa chini, maji yote ya bwawa yako nyuma ya zile nyasi, na mimi niko mbele yake na tai yangu.

Nikavuta mzigo wa kwanza, ukatoka. Watu wakasema, "Eee!" Nikavuta wa pili. Kulikuwa na mmoja mkubwa chini, umekaza. Nikaukumbatia, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Mkanda ukakatika. Pa!

Na kabla sijajua nishike nini, nyasi zote zikaachia kwa pamoja.

Mmewahi kuwaona watoto wanavyoteleza mlimani kwenye gogo la mgomba? Basi. Ila mimi sikuwa na gogo. Nilipita mbele ya kwaya nimekaa kitako, miguu juu, nimekumbatia mzigo wa nyasi. Nikasikia sauti ya kwanza ya Evarista ikipanda mahali ambapo hata Krismasi haijawahi kufika. Suruali ilinivuka kwenye kona ya kwanza, ikanitangulia. Niliiona ikienda. Ilikuwa na haraka kuliko mimi.

Maji yakanitupa kwenye kishimo mwisho wa mfereji, pembeni tu ya kibanja cha mama. Nikazama kwenye tope mpaka kiunoni. Juu ya tope niko vizuri: shati, koti, tai imekaa sawa. Chini ya tope, nisiwaeleze.

Aliyefika wa kwanza ni nani? Mama mkwe! Mama ambaye goti linamsumbua na hutembea kwa mkongojo, leo amekimbia mteremko ule wote. Mkongojo sijui aliutupia wapi. Akaniona nilivyo juu, akakisia nilivyo chini, akageuka haraka, akanipa mgongo. Mbele yake kulikuwa na mgomba. Akafungua kitenge alichojifunga juu ya gauni, akakinyoosha nyuma bila kugeuka, na akaanza kuongea na ule mgomba.

"Wewe mgomba, mwambie mwana wange ashike hiki kitenge, ajifunge, atoke humo asipate baridi."

Mwana wange. Mwanangu. Na mimi nimekaa kwenye tope.

"Mgomba," nikajibu, "mwambie mama nashukuru."

"Muulize, ameumia?"

"Mwambie hapana. Ni heshima tu iliyovunjika."

"Mwambie hiyo itapona, waitu." Waitu, yaani mtu wetu.

Huko juu Evarista na wengine walikuwa wanaondoa nyasi zilizobaki, kwa majembe, wakiwa wamesimama ukingoni kama inavyotakiwa. Maji yakawa yanapita utoroni, mengi, yanavuma, lakini kwenye njia yake. Yalizunguka kibanja, yakaingia kijitoni. Mama akayatazama yanavyopita kwa muda mrefu. Kisha akaingia chini ya migomba, na mimi nikamfuata na kuku wangu na vifaranga, na Jesca ambaye ndiyo kwanza amefika akanishika mkono.

Msalaba ulikuwa umesimama. Mama akainama, akaweka kiganja chake kwenye udongo wa kaburi, akakiacha hapo.

"Mzee," akasema, "maji hayakufika. Yamepita pembeni. Aliyepita nayo ni mkwe wako. Kama umemwona alivyokuwa, mstahi."

Halafu akacheka. Jamani, mimi mama huyu sijawahi kumsikia akicheka, sikujua hata kama ana sauti hiyo. Alicheka mpaka akashika mgomba asianguke. Jesca akacheka, kisha Jesca akalia, kisha mimi nikafuta tope usoni (lilikuwa tope, msiulize) na sote watatu tukabaki pale tunajifutafuta.

"Jesca," mama akasema alipopata pumzi, "mpigie kaka yako. Mwambie nabaki."

Tukaenda nyumbani kwake. Akanikaribisha kiti cha wageni na kahawa ya kutafuna, kama mtu aliyekuja kwa heshima zake zote. Akaniagiza, safari hii kupitia kwa paka, kwamba nyasi nyingine nikikata ziende kwenye migomba, na tuta liachiwe ukoka wake. Nikamwambia paka nimeelewa. Evarista naye akaja na suruali yangu. Ameikuta shambani kwake, juu ya maharage. Ameipitisha kijiji kizima kwenye ncha ya fimbo, akiuliza kila mlango kama wanamjua mwenyewe. Imechanika toka kiunoni mpaka gotini.

Sasa ni alasiri na mvua imeanza tena. Kubwa kuliko ya asubuhi. Nimempigia Evarista, yuko bwawani na wenzake, anasema maji yanapita vizuri. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza chumba cha mama. Nilikuwa nangoja kitanda kilie, nijue ameinuka, amekaa, ameegemea ukuta kama siku zote. Sikusikia kitu. Jesca akaenda akafunua pazia kidogo, akachungulia. Akarudi ameziba mdomo kwa mkono, machozi yanamtoka, ananionyesha kwa kidole nije nisikie mwenyewe.

Mama anakoroma.

Kwa hiyo haya, chekeni, nimewaruhusu. Ila chekeni taratibu. Mama amelala.