Mashine, Daktari na Ubongo wa Mzee Mutie

Asubuhi hiyo gazeti lilifika kwenye kibanda cha Kasiva kabla ya maziwa, na ndilo lililoleta ugomvi. Liliandika kwamba hospitali kubwa za mjini sasa zina kompyuta inayopima ubongo kwa dakika tano, ikitafuta ule ugonjwa wa wazee wa kusahau. Daktari akiifanya kazi hiyo kwa mkono, huchora mstari picha baada ya picha, saa nzima.

Kibanda hicho kiko ng'ambo ya mahakama ya Makadara, mabenchi mawili na meko moja, na wateja wake wa kila siku ni wanne. Matheka hupiga chapa hati za kiapo chini ya mwavuli, na wenzake humwita Wakili, ingawa ndani ya mahakama aliingia mara moja tu, tena akiwa mshtakiwa. Nyongesa ni seremala, jina lake la utani Futikamba, maana hata salamu huipima kabla ya kuijibu. Awale hutengeneza simu, kwa hivyo yeye ni Softwea. Wa nne ni Mzee Mutie, mstaafu wa reli aliyekuwa akiongoza treni kwa taa na bendera. Wenzake humwita Signo, na siku hiyo alikuwa na bahasha ya kaki mapajani.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilitoka kwenye mashine. Ilisema kile kisehemu cha ubongo kinachotunza kumbukumbu, kilichopinda kama korosho, kimenywea kuliko inavyotarajiwa kwa mtu wa umri wake. Ya pili ilitoka kwa daktari mmoja wa mvi, aliyepima korosho hiyohiyo kwa mkono wake na kusema iko sawa kwa umri wa mzee huyu. Binti wa Mutie, Wavinya, alikuwa anakuja saa sita kuamua. Mashine ikishinda, angempeleka Kitui kwa kaka yake, na Signo asingeonekana tena kwenye benchi hilo.

Kasiva aliwasikiliza huku amewapa mgongo, akikoroga sufuria. Alimmiminia Mutie chai, nusu kikombe, akamwekea karibu na mkono wa kulia.

Awale alikuwa wa mashine, moja kwa moja. Mashine, alisema, haina njaa, haiamki vibaya, haijagombana na mke. Ukiipa picha moja mara mia, itakupa jibu moja mara mia. Nyongesa alijibu kwamba hata redio mbovu hurudia kitu kimoja. Fundi ni jicho na mkono. Ili kuthibitisha, akatoa futi mfukoni, akawainua wote na kupima benchi. Likawa na sentimita mia na themanini na mbili. Akapima tena, likawa na mia na themanini na tano. Mara ya tatu likarudi mia na themanini na moja.

"Kwa hivyo benchi liliugua, likapona?" Awale aliuliza.

"Wewe lipime na hiyo simu yako, kijana."

Awale alielekeza simu kwenye benchi, simu ikafikiri kidogo, ikatangaza mita mbili na nusu. Ilikuwa imehesabu na mguu wa Wakili. Wakili akaomba ushahidi huo utupwe nje, kwa kuwa mguu wake haukuapishwa.

Mutie alicheka nao, lakini vidole vyake havikuiachia bahasha. Kasiva aliviona. Alikuwa akiviona tangu mvua za masika, mwezi ule mzee alipoanza kuitisha chai aliyokwisha kuinywa. Mara ya kwanza Kasiva alimwambia, umekunywa sasa hivi, mzee. Mutie akaangalia kikombe kitupu kama mtu aliyekutwa na mali ya mwenzake. Tangu siku hiyo Kasiva hakumwambia tena. Humpa nusu, na nusu nyingine, na nusu nyingine, ili asikose chai wala asikose usingizi. Hakuwa peke yake. Hadithi ya Mutie ya usiku wa Uhuru sasa ilikuja kila siku, na kila siku Nyongesa aliuliza "halafu?" mahali palepale, kama mtu aliyeshuka Nairobi jana.

Hata siku hiyo ilikuja. Mutie aliwaeleza alivyofika mjini kwa lori na mjomba wake kuona bendera ikipanda, masharubu yake mapya kabisa ameyapaka mafuta ya ng'ombe.

"Halafu?" Nyongesa akauliza.

Lakini Wakili alikuwa ameshika zile karatasi mbili, akizisoma kwa kidole kama asomavyo viapo vya watu. Akazilaza pamoja kwenye benchi.

"Ngojeni. Ukubwa wa korosho ni uleule. Mashine na daktari wameandika nambari moja. Kilichotofautiana ni hukumu tu." Kidole kikasimama. "Mashine imeandika umezaliwa elfu moja mia tisa hamsini na sita. Mzee, usiku wa Uhuru ulikuwa na miaka saba. Na masharubu?"

Mutie alivua kofia, akaitazama ndani.

"Reli walikuwa wanataka vijana wasiozidi ishirini," alisema. "Mimi nilikuwa na ishirini na saba. Karani mmoja akanipunguzia tisa."

"Tisa? Hiyo si kupunguza, Mzee, hiyo ni kuzaliwa upya," Awale akasema.

"Hata mke wangu Nthoki alienda kaburini akijua amenizidi mwaka. Alikuwa ananiambia, nisikilize, mimi ni mkubwa wako. Nami nilikuwa namsikiliza."

Ikawa furaha. Daktari hakusoma fomu, alisoma sura na mvi akajua ana mzee wa karibu themanini, na kwa umri huo korosho haijanywea kupita kiasi. Mashine iliamini kitambulisho. Awale alidai mashine haikukosea, ilidanganywa na serikali. Nyongesa alidai mkono umeshinda. Wakili akajitolea kuandika hati ya kiapo ya kumrudishia mzee miaka yake tisa. Hapo ndipo Wavinya alipofika, jasho usoni, nao wakamweleza wote kwa pamoja.

Wavinya alizisoma karatasi zote mbili, akaketi polepole. "Kwa hivyo Baba haumwi?"

"Kasiva," Mutie aliita, "tangu nifike hujanipa chai."

Kasiva alimimina nusu, akampa, kisha akamsogelea Wavinya na kumwambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa sasa kunyamaza kungekuwa kumdanganya.

"Hiyo ni ya nne leo. Wakati wa masika zilikuwa mbili. Kichwani anaweza kuwa sawa na wenzake wa umri wake, mwanangu, sijui mambo ya picha. Lakini daktari mwambie hilo pia."

Wavinya alitafuta kalamu. Nyuma ya bahasha akaandika: masika, vikombe viwili, sasa, vinne. Nyongesa akamshikia bahasha isicheze.

"Nikimpeleka Kitui, nani atamhesabia?" Wavinya alisema hatimaye. "Atalala kwangu, Umoja. Asubuhi nitamleta hapa mwenyewe."

"Mlete," Kasiva alisema. "Kikombe chake kipo."

Mutie alikuwa ameinua kikombe, akakitazama, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa akifuta macho kwa leso.

"Mpe Wavinya chai, Kasiva. Na umjazie. Mimi miezi yote hii unaniwekea nusu, unafikiri sioni."