Mteja wa Dirishani

Kwa Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Ving'amuzi.

YAH: KUKATIWA MATANGAZO KUPITIA NYUMBA YA PILI

Salaam nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaoketi nao hapo ofisini, na kama kuna mwenye mafua, Mungu amponye. Sisi hatujambo, isipokuwa kwa haya yafuatayo.

Kwanza nijieleze. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, mke wa fundi baiskeli, na ninaishi na mama mkwe wangu, ambaye nyonga yake ilivunjika mwaka juzi. King'amuzi chenu hatuna. Kipo kwa dobi, ng'ambo ya uchochoro, naye hupiga pasi dirisha likiwa wazi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo sisi ni wateja wenu wa dirishani. Usishangae. Jumatatu iliyopita runinga ya dobi iliandika kwa herufi kubwa: NDUGU MTEJA, KIFURUSHI CHAKO CHA FAMILIA KIMEKWISHA. Nilizisoma nikiwa nyumbani kwangu. Haikuandikwa "Ndugu Dobi". Dobi hana hata paka; familia iliyokuwa ikitazama ni sisi. Nami kwa kuwa mmeniita ndugu, naandika kama ndugu.

1. Mlikata katikati ya tamthilia. Bibi harusi ameshavaa, bwana harusi hajulikani alipo. Hata mtu wa maji akija kufunga bomba hugonga mlango kwanza, watu wajaze ndoo.

2. Mmevuruga utaratibu wetu. Kila saa kumi na moja jioni mama hukaa kwenye kiti cha dirishani, nami nakaa chini ubavuni pake nikishona vifungo. Sauti haitufikii, na macho yangu yako kwenye sindano, kwa hiyo yeye hutazama na kunipasha: "Haya, yule mwenye roho mbaya kaingia. Kavaa kijani tena, hana haya!" Hapo ndipo humeza dawa na kunyoosha mguu kama alivyoagizwa. Hiyo Jumatatu, kwa mazoea, aliendelea kunipasha robo saa nzima, mpaka nilipoinua kichwa nikamwambia, mama, mbona pale pana maandishi matupu? Tangu hapo anasema dawa ni chungu.

3. Njia mbadala tumezijaribu, nisije nikaambiwa sikuhangaika. Redio, mama anasema haina sura. Simu ya mume wangu, kioo chake ni sawa na kiganja, na bando huisha mtu anapofungua mdomo. Mume wangu akaazima runinga kuukuu, akafunga mfuniko wa sufuria juu ya paa kwa waya wa breki. Tukapata chenga, na kwa dakika mbili mtabiri wa hali ya hewa asiye na kichwa. Alisema mvua itanyesha. Ikanyesha kweli, na mfuniko ukaangukia kwenye beseni la dobi.

4. Dobi mwenyewe amegoma kulipia. Anasema tangu mumkatie hajaunguza kola hata moja. Nimemwombea, lakini moyo wake ni mgumu.

5. Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mama amefunga mizigo. Anataka kuhamia kwa binti yake, wifi yangu, mwenye runinga kubwa kama mlango, naye wifi anakuja kumchukua Jumapili. Nimekaa na mama miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza, sikufichi, nilipiga magoti nikaomba binti yake amchukue. Sasa Mungu anaelekea kunijibu, nami sitaki tena.

Kwa hiyo naomba mrudishe matangazo kwa dobi kabla ya Jumapili, mumwelekeze aigeuze runinga kidogo kushoto, na mfafanue kwa maandishi kwamba neno "familia" linavuka uchochoro. Ikishindikana, mtume mfanyakazi mmoja mwenye sauti nzuri, awe anakuja saa kumi na moja kutusimulia yaliyoendelea. Chai ipo.

Wasalimie wakubwa wako na wadogo wako, mlinzi wa getini, na yule dada wa kwenye simu anayesema nisubiri. Mwambie bado nasubiri.

Wako katika kutazama,
Mshonaji, mlango wa bluu, mkabala na dobi.

Nyongeza: Nimemsomea mama barua hii ili aongeze salamu zake. Nilipofika namba mbili akajifunika mtandio usoni. Nikadhani analia, kumbe anacheka, kisha akalia kweli. "Mwanangu," kasema, "macho yangu hayafiki hata kwenye kamba ya nguo, mwaka wa pili huu. Mambo yote yale nilikuwa natunga mwenyewe, usije ukainuka ukaniacha peke yangu." Aliona aibu akidhani nimemgundua, ndiyo maana akataka kuondoka. Mizigo tumeifungua. Dawa kameza. Jioni hii, naambiwa, harusi inafungwa, na kuna mtu atazimia. Kwa hiyo tafadhali msirudishe chochote. Nakuomba unijibu upesi, kabla dobi hajabadili mawazo akalipia.